Meli ya Mizimu ya Nahodha

Mtaa mzima ulimwita Nahodha, na mwenyewe hakuwahi kuongoza hata mtumbwi. Alikuwa baharia wa kawaida miaka kumi na tisa: alikwangua kutu, alifagia sitaha, alishika zamu ya kuangalia mbele. Aliporudi nchi kavu akafungua duka la dobi, na tangu hapo pasi ikawa haipoi wala mdomo wake. Ulipeleka shati moja, ukarudi nyumbani na bahari nzima.

Hadithi iliyompa jina ni ile ya meli ya mizimu. Asubuhi moja ya ukungu, alisema, ilitokea ubavuni mwa meli yao bila mlio wa injini, na juu yake wafu wamesimama, wanapunga mikono na kupiga ngoma ya kuzimu, tatu tatu. Wajukuu walikuwa na mahali pao pa kudakia: "Na wewe babu ukafanya nini?" Hapo alitutumua kifua. "Nikawakodolea macho mpaka wakayeyuka!"

Basi wakaja wazazi wa mchumba wa mwanawe kupanga harusi. Walikaa chumba cha nyuma ya duka, chini ya mashati yaliyotundikwa, wakaelewana upesi kuliko ilivyotarajiwa. Mjukuu wa kike akachomekea, "Babu, wasimulie ya meli!" Mkewe akaguna, "Haya, leo tumekwisha." Nahodha hakungoja kubembelezwa.

Baba wa bibi harusi, fundi makochi, mtu asiyepoteza maneno, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua kijiko, akagonga bilauri mara tatu. Akatulia. Akagonga tena mara tatu.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo, mkwe! Umejuaje?"

"Ujanani tulivuka bahari kwa mashua kwenda kutafuta kazi. Injini ikazima siku ya pili. Sauti zilikuwa zimetukauka, nikawa nagonga sufuria. Meli kubwa ikatupita. Sisemi ni yenu, bahari ina meli nyingi. Mdogo wangu akafa kesho yake. Mama nilimwambia hawakutuona. Mwenyewe pia nimejiambia hivyo mpaka leo. Sasa wewe umekaa juu kule, mkwe. Niambie. Huwa hawaoni?"

Jibu jepesi lilikuwa karibu kabisa. Ukungu, mkwe, hakuonekani kitu. Angelisema, harusi ingepita salama na mzee wa watu angelala vizuri. Lakini Nahodha alikijua kilichotokea. Siku ile alisinzia kwenye zamu, akazinduliwa na sufuria. Mashua ilikuwa imeshabaki nyuma, mwanamke akipunga shuka. Kutoa taarifa ilikuwa kukiri kwamba amelala, akafunga mdomo. Mpishi wa meli, aliyeusikia ule mlio, alipomuuliza ni nini, akamjibu, "Mizimu. Usiitaje." Uongo huo ndio uliompa jina mtaani, na miaka yote alikuwa ameuona ni mtamu. Sasa aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Tunaona," akasema. "Mimi niliona."

Mkewe akashika mdomo. Fundi makochi hakupaza sauti, afadhali angetukana. Alikirudisha kijiko kwenye sahani, akakinyoosha kwa kidole.

"Waambie na watoto," akasema. "Ile nyingine wameshaikariri."

Nahodha akawageukia wajukuu.

"Haikuwa meli ya mizimu. Ilikuwa mashua. Na waliokuwamo ni watu, tena wazima."

Mjukuu akadakia palepale alipozoea:

"Na wewe babu ukafanya nini?"

"Nikanyamaza," akasema. "Nilikuwa nimelala kazini, nikaogopa kufukuzwa. Nikanyamaza."

Mtoto akabaki amemwinulia uso, akingoja atutumue kifua.