Mtu Asiye na Uso Dukani kwa Mjomba

Jamani, mcheke taratibu, maana mpaka leo nikipita kwenye duka la vitambaa la mjomba pale Kasulu nainamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

Nilikuwa nasomea ualimu, nimepagawa na uchoraji, na likizo moja nikiwa Kibondo kwa bibi nikakosa kitambaa cha kuchorea, nikafungua sanduku lake, nikakuta cheupe kimekunjwa vizuri, nikajisemea hiki hatakikumbuka (kuuliza kungenipunguzia nini?). Nikachora picha yangu ya kwanza ya kisasa: bibi amekaa jikoni, ila mabega ni pembetatu, kifua vipande vipande, na kichwa duara tupu, hakina macho wala mdomo.

Nikaipeleka Kasulu, mjomba akaitundika dukani. Basi wateja wakiifikia wanashusha sauti wenyewe. Fundi cherehani akahamisha mashine yake, eti hawezi kuipa mgongo. Na mchana, bati likipata moto, picha inatoa harufu kali, ya baridi, harufu ninayoijua ila sikumbuki niliinusa wapi. Mimi nikaogopa? Kichwa kilivimba! Nikasema hicho ndicho kipaji, nikampigia bibi aje ajione.

Akaja Ijumaa, duka limejaa watu waliotoka msikitini. Akaitikia shikamoo zetu, akaisogelea picha, akashika pindo, akanusa.

"Karafuu maiti," akasema. "Mjukuu wangu, hii si sanda yangu niliyojiwekea?"

Mtu nyuma yangu akatamka innalillahi. Fundi akatoka mbio, futi inaning'inia shingoni. Nikakaa juu ya majora ya vitenge, nikalia mbele za watu na ndevu zangu.

"Na huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

Akalitazama lile duara. "Ego," akakubali kwa Kiha chetu. "Umeshanifunika uso."

Mjomba akamkatia sanda mpya palepale. Bibi akaipokea, na picha pia akaibeba, akaenda kuitundika juu ya kitanda chake. Tangu siku ile sifungui sanduku la mtu, hata nikitumwa na mwenyewe. Na kila nikimpigia kumjulia hali moyo unanidunda mpaka apokee, naye hujibu vilevile siku zote:

"Hatujambo, mjukuu wangu. Sote wawili."