Mpira Mmoja, Injini Mbili

Mume wangu wanamwita Pengine, na jina hilo amelipata kwa haki. Hajawahi kutoka nyumbani bila kurudi kuangalia kama jiko limezimwa. Jua likiwaka atasema, "Pengine itanyesha." Mtoto akicheka sana atasema, "Pengine ana homa." Nilipoolewa nilidhani ni mzaha wa bwana harusi. Ndoa ikakomaa, mzaha haukuisha. Mimi ni fundi cherehani na sina subira na mambo ya pengine. Kitambaa ama kinatosha, ama hakitoshi.

Sasa mtu huyu, pamoja na woga wake wote, ndiye nahodha wa boti ya kuvusha watu mtoni. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na yeye kwa miaka mingi alikuwa akikimbiza na mbawa za abiria wote. Kivuko chetu kiko juu kidogo ya bwawa. Kiangazi maji hutulia, hata kuku angevuka akipewa ubao. Mvua zikija, wenye bwawa hufungua milango, na mto mzima huvutwa upande huo. Kabla ya milango kuna maboya mekundu yaliyokatiza mto. Yanaonya tu, hayazuii. Aliyepita pale haombewi kurudi, anatafutwa chini ya ukuta.

Kwa hiyo boti ilikuwa na injini mbili: kubwa ya kazi, na ndogo ya akiba iliyoning'inia pembeni. Ile ndogo ilikuwa na dumu lake chini ya benchi la nyuma, na mpira wake wa mafuta. Petroli ya dumu hilo mume wangu aliichuja mwenyewe kwa kitambaa alichokiiba kwenye kapu langu la vipande, na kila asubuhi aliiwasha injini ndogo, akaisikiliza, akaizima. Abiria walimcheka. "Nahodha, hiyo ndogo inanyonya bado?" Yeye alijibu tu, "Pengine kubwa itaumwa."

Mwenye boti ni kaka yangu. Nampenda, tumezaliwa tumbo moja, lakini ni mtu wa njia za mkato tangu utotoni. Siku moja alilitazama lile dumu, akaona limekalia nafasi ya abiria.

"Shemeji," alisema, "kwa nini injini ndogo inywe peke yake kama mgeni? Tuiunganishe kwenye tangi kuu. Mafuta hayataisha katikati ya maji, na benchi litakuwa wazi."

"Pengine mafuta ya tangi kuu yataharibika," mume wangu akasema. "Hapo tutakuwa na injini mbili na ugonjwa mmoja."

"Shemeji na pengine zako!"

Fundi aliitwa. Alifanya kazi safi, sitamsingizia. Aliweka kiungio cha njia tatu kwenye mpira mkubwa, akaweka na koki ya kufungua na kufunga. Ila mpira wa kufikia injini ndogo hakuununua. Aliuchukua ule ule wa dumu, pamoja na pampu yake ya kukamua kwa mkono, akaukaza kwenye kiungio kwa klipu. Hakuna aliyeona kosa. Kwetu kitu kizima hakilazwi bure wakati kuna kazi.

Dumu likabaki bila mpira. Mume wangu alilijaza vilevile, akalisukuma chini ya benchi, nyuma ya makoti ya kujiokolea. Kaka yangu alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kisima bila ndoo!" alisema. Na mimi nilicheka.

Siku yenyewe tulikuwa tunamrudisha mama mkwe kutoka hospitali ya ng'ambo. Alikuwa amepasuliwa macho, yote mawili yamefungwa bandeji, na daktari alikuwa ameonya asiinamishwe wala kutikiswa. Nilimkalisha katikati, nikamshika mkono. Mkoba wangu wa kushonea ulikuwa mapajani, maana kwenye benchi la hospitali nilikuwa nikipinda sketi za wateja. Boti ilijaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imepiga vibaya, na maji ya mto yalikuwa mazito, rangi ya udongo, yanakwenda haraka kuliko mtu anayekimbia.

Katikati ya mto injini kubwa ilikohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza.

Mume wangu hakusema kitu. Alifungua koki, akavuta kamba ya injini ndogo. Iliwaka. Nikashusha pumzi. Kisha nayo ikakohoa kikohozi kile kile, na ikafa.

Hapo niliogopa kama sijawahi kuogopa. Maji ya mvua, tulijua baadaye, yalikuwa yameingia kwenye pipa la muuzaji wetu wa petroli, na kutoka pipani yakaingia kwenye tangi, na tangi sasa lilikuwa moja. Nanga ilitupwa, ikaburura tope bila kushika. Wanaume wawili walichukua makasia, wakapiga maji kwa nguvu zao zote, na bado maboya mekundu yalizidi kuwa makubwa. Mwanamke mmoja alianza kupiga kelele, kisha akajiziba mdomo kwa kanga yake mwenyewe.

"Injini imezima?" mama mkwe aliuliza.

"Tunaipumzisha, mama," nilimjibu.

"Na huo mvumo?"

Ulikuwa mvumo wa milango ya bwawa. Nilimbana mkono, naye akanibana.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti nyuma. Alilivuta dumu, akalifungua, akanusa. Petroli ilikuwa safi. Akaushika mpira pale kwenye kiungio, akauvuta, akausokota, akauvuta kwa meno. Klipu ya fundi ilikuwa imekazwa sawasawa, na bisibisi ilikuwa kwenye sanduku la zana, na sanduku la zana lilikuwa nchi kavu, kwa sababu nalo lilikuwa limekalia nafasi ya abiria. Aliinua uso, akanitazama. Nimeishi na uso huo miaka yote, sikuwahi kuuona vile.

"Mkasi," alisema.

Mkasi wangu wa kitambaa haukatiwi hata karatasi, kila mtu nyumbani anajua, nimewahi kumchapa mtoto kwa ajili hiyo. Nilimpa. Aliukata mpira kati ya kiungio na pampu, mara mbili, tatu, mpaka ukaachia. Ncha moja akaizamisha dumuni. Ya pili akaichomoa kwenye injini, akakamua pampu. Yalitoka maji yenye petroli, yakamwagika miguuni kwetu, harufu ikatupanda kichwani. Alikamua mpaka ikatoka petroli tupu. Akarudisha mpira, akafungua skrubu ndogo chini ya kabureta kwa ncha ya mkasi, akamwaga yaliyobaki humo, akafunga. Wakati wa kufunga skrubu ilimponyoka, akaidaka kwenye kiganja. Kama ingeanguka majini nisingekuwa nasimulia.

Boya la kwanza lilipita ubavuni mwetu. Lilikwaruza mbao, nikalisikia mgongoni mwangu.

Akavuta kamba. Kimya. Akavuta. Kimya. Akavuta, ikashika.

Ile injini ndogo iliyochekwa ililia kama mbu, na kwa muda mrefu tulibaki pale pale, haituvuti mbele, mto hautuvuti nyuma. Wenye makasia walipiga maji huku wakilia. Kisha boya likaanza kurudi, polepole, mpaka likawa mbele ya macho yangu, mpaka likawa nyuma. Tulifika upande wa kwetu, mbali sana na gati, kwenye matete, na watu waliruka topeni na viatu vyao.

Kaka yangu alikuja mbio kando ya mto. Alitazama mpira uliokatwa, akatazama dumu, akakaa chini. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na siku hiyo alikuwa amekiona kilio kwa macho yake.

Mama mkwe tulimbeba hadi kwenye nyasi. Mume wangu alichutama mbele yake, petroli inamchuruzika viwikoni.

"Mama, umeogopa?"

"Nimeogopa sana, mwanangu."

"Lakini hukuona kitu."

"Sikuona. Nilikuwa nakusikiliza wewe. Kila siku nikisikia pengine zako najua mwanangu anaangalia mbele, mimi nasinzia. Leo hukusema hata moja. Nikajua hakuna tena pengine, nikaanza kusali."

Mume wangu alilaza kichwa magotini pake akalia kwa sauti, mbele ya abiria wote, na hakuna aliyemcheka.

Tangi lilioshwa, injini ndogo ikarudishiwa dumu lake na mpira wake mpya. Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini alisimama mlangoni muda mrefu bila pengine yoyote, nami nikaacha cherehani nikamsikiliza. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu. Akaitazama, akakuna shingo.

"Pengine itanyesha," akasema.

Nikaenda ndani kumletea koti.