Upepo wa Baiskeli

Juzi, kwenye barabara ya mashambani nje ya Buffalo, nilimwona mwendesha baiskeli akihangaika na pancha, nikacheka peke yangu, nikimkumbuka Mama.

Alasiri moja ya utotoni wangu, baridi ya majira ya kuchipua ilinuka samadi na majani mabichi. Mama alikuwa ameahidiwa zamu ya kuendesha baiskeli. Baba mdogo, aliyeileta baiskeli kutoka Columbus, akamcheka mbele ya wageni, wenzake waliokuja na baiskeli zao: "Shemeji, baiskeli haitaki makalio ya pilau! Tuandalie chai."

Mama alitabasamu. Wanaume walipokuwa wakinywa chai, nilimkuta amechuchumaa penye gurudumu, likilia "ssss".

"Mama, unafanya nini?"

"Natoa upepo, mwanangu."

Niliamini kwamba baridi yote iliyotuuma mashavu ilikuwa ikitoka mle ndani, nikafunga vifungo vya koti.

Baadaye baba mdogo alihaha. "Shemeji, umeiona pampu?"

"Nitaijulia wapi, shemeji? Mimi ni wa chai."

Akaikokota baiskeli kilima kizima, huku wenzake wakimpita wakipiga kengele. Mama alimtazama mpaka akatoweka, asinyanyuke mkekani. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa ameikalia pampu.