Nguzo ya Juu ya Maporomoko

Kwa miaka ishirini na mmoja, tarehe mosi ya kila mwezi, Bi Rula alitoka nyumbani alfajiri na kushika njia ya kaskazini, ndani ya pori ambalo hata wakata kuni hawakulipenda. Saa nne nzima kwa miguu mpaka kwenye maporomoko, na kazi yenyewe ya dakika tano: kusoma maji yamefika sentimita ngapi kwenye nguzo ya chuma iliyosimikwa ukingoni, hatua chache kabla mto haujajitupa bondeni.

Jina la Bi Rula alipewa na wenzake wa ofisi ya maji, kwa sababu rula yake ya chuma haikumtoka mfukoni hata siku za mapumziko. Kila baada ya namba aliongeza maneno pembeni mwa daftari: "Maji chini ya goti nilipovuka." "Ufa wa jiwe jeusi unaonekana wote." Karani aliyeingiza namba kwenye kompyuta alimwambia siku moja, "Dada, hii mashine haina mahali pa kuweka goti lako."

"Usijali," alijibu. "Goti nalitunza mwenyewe."

Mafuriko ya mwisho yaling'oa nguzo. Ofisi ilipotafuta mtu wa kusimika mpya, yeye ndiye aliyemtaja mdogo wa mumewe, fundi mwashi mwenye mikono mizuri na mdomo mrefu. "Namjua, hatatuangusha," alisema mbele ya mkuu wake, naye si mtu wa kusema sana. Kwa neno hilo fundi akapewa kazi, akaimaliza, na leo alikuwa amefuatana na shemeji yake kuangalia kama saruji imeshika.

"Shemeji, unatembea kama mtu anayehesabu hatua."

"Nahesabu."

"Tumefika ngapi?"

"Umenikatisha. Turudi tukaanze upya."

Fundi alicheka peke yake mpaka walipofika mtoni. Kivuko kilikuwa juu ya maporomoko, si mbali na ukingo, na nguzo ilikuwa ng'ambo. Walivuka taratibu, fimbo mkononi, maji yakipita juu ya goti. Lakini nguzo ilisoma nane. Bi Rula aliinama akaisoma mara ya pili. Kwa maji ya juu ya goti alizoea kuona hamsini na kitu. Labda ni mimi niliyefupika, akajisemea. Akaandika nane, akaweka alama ya kuuliza.

Kwa nguzo mpya, utaratibu ulitaka kipimo cha pili baada ya saa mbili. Wakakaa, wakala mikate yao, fundi akagongagonga saruji kwa nyundo na kujisifu. Halafu ngurumo zikasikika mbali, juu mlimani. Hapo walipokuwa, jua lilikuwa linawaka, ila mto ulianza kubadilika rangi, na majani mabichi yakaanza kupita.

Bi Rula alisoma tena. Arobaini na tano.

Kanuni ya ofisi ilikuwa moja, na ilibandikwa mlangoni: maji yakizidi sitini, usivuke.

"Arobaini na tano, tunaruhusiwa," fundi alisema, akifunga viatu vyake shingoni. "Twende sasa hivi kabla hayajapanda. Kesho asubuhi namwaga zege, watu kumi na wanane wananisubiri mimi."

"Ngoja kidogo."

"Ngoja ya nini? Namba umesoma mwenyewe."

Ni kweli alikuwa ameisoma mwenyewe. Hata hivyo macho yake yalikuwa kwenye jiwe jeusi lililo katikati ya mto. Aliutafuta ule ufa, hakuuona. Akafungua daftari, vidole vikiteleza kwa jasho. "Ufa umezama, 92, sikuvuka kurudi." Akarudi nyuma kurasa nyingi. "Ufa umezama, 96, nimelala ng'ambo." Miaka yote hiyo, ufa haukuwahi kuzama chini ya tisini.

Alipoinua kichwa, fundi alikuwa ndani ya maji hadi mapajani.

"Shemeji, rudi."

"Njoo, shika fimbo yangu."

"Rudi nikuulize kitu."

"Niulize hapahapa, nakusikia."

"Lile tundu la nguzo ya zamani kwenye mwamba, ulilitumia?"

Fundi alisimama. Maji yalimsukuma kiunoni, naye akakita fimbo chini. Nyuma yake mto ulikuwa unaporomoka kwa kishindo.

"Lilikuwa na kipande cha boliti kimekwama. Nikatoboa jingine juu yake. Lakini timazi, shemeji, ilinyooka kabisa. Nguzo haijapinda hata unywele."

"Juu kiasi gani?"

"Shubiri mbili na kidogo."

"Basi namba ya nguzo ni ya uongo. Ongeza shubiri zako mbili. Uko kwenye tisini na zaidi. Geuka."

Fundi alitazama nguzo yake iliyosimama wima, kisha akatazama maji. Alipogeuka, jiwe lilibiringika chini ya mguu wake, akapiga goti, na viatu vikamvuka shingoni vikaenda. Bi Rula alilala kifudifudi ukingoni akamnyooshea fimbo. Fundi aliikosa. Akaikosa tena. Mara ya tatu aliikamata, na mwanamke yule mwembamba akavuta huku amejikita kwa kukumbatia nguzo ileile. Saruji ilishika.

Walikaa chini, kila mmoja akihema kivyake. Viatu vilikuwa vimeshapita ukingo wa maporomoko.

Baadaye Bi Rula alichukua daftari. Aliandika 45, penseli ikasimama.

"Ukiandika kwamba ilihamishwa, watauliza nani," fundi alisema.

"Watauliza."

"Na wewe ndiye uliyenisemea."

"Ndiyo."

Fundi alinyoosha mkono, akachukua penseli, akaandika kwa herufi zake kubwa za kwenye mbao: NILIIWEKA JUU SENTIMITA HAMSINI. FUNDI MWASHI. Akamrudishia bila kumtazama. Zege ya kesho hakuitaja tena.

Maji yalishuka asubuhi ya pili. Kabla ya kuvuka, Bi Rula alichutama, akapapasa mwamba chini ya maji hadi kidole kikagusa kipande cha boliti kwenye tundu la zamani, akatoa rula yake akapima kutoka tundu hadi tundu. Akapima tena. Kisha akafungua daftari, akafuta neno HAMSINI kwa uangalifu, na juu yake akaandika: arobaini na tisa.

"Hata moja hukuniachia," fundi alisema, miguu mitupu, akitangulia mtoni.