Wingu Lenye Vifungo

Saa tatu asubuhi, sikio la bwana harusi limejaza kioo kizima cha kompyuta. Limekuzwa mpaka likawa kubwa kama sahani, na mwanamke aliyekaa mbele yake anauzunguka ukingo wake kwa kipanya, nukta baada ya nukta, ncha ya ulimi imemtoka pembeni mwa mdomo.

"Mtu ukimkata sikio vibaya, nduguze hawamtambui," anasema bila kugeuka. "Watasema huyu ni bwana harusi wa jirani."

Katika duka la picha anakofanya kazi wanamwita Shangazi Mkasi, ingawa kwa miaka kumi na moja hajashika mkasi wa chuma kazini. Kazi yake ni kuwatoa watu kwenye picha. Humtenganisha mtu na ukuta, kiti au umati uliomzunguka, kisha humweka mbele ya mandhari aliyoichagua mteja: bustani, ngazi za marumaru, anga. Kwa siku hukata watu ishirini. Msimu wa harusi hufika arobaini. Kichwa kimoja chenye nywele timtim kinaweza kumla saa mbili.

Ana miaka thelathini na minane. Mshahara wake hulipa chumba anachoishi na dawa za presha za mama yake. Ndiyo maana usingizi ulimruka mwezi uliopita, mwenye duka alipoleta programu mpya inayokata picha kwa kubonyeza mara moja tu.

"Sijakufukuza," mwenye duka alimwambia. "Lakini mashine haiumwi wala haiombi ruhusa. Ukiharibu kazi hata moja mwezi huu, nitajua la kufanya."

"Mashine yako jana imemnyoa bibi harusi. Shela limebaki nyuma, kichwa kimekuja peke yake."

"Itajifunza."

Wiki hiyohiyo akaja kinyozi mmoja, mzee mwembamba mwenye bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha ya mkewe, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Amesimama uani, mkono kiunoni, anacheka. Mzee alitaka akatwe, awekwe mbele ya anga lenye mawingu, kisha achapwe kwenye turubai kubwa la kutundika sebuleni.

"Ndiyo pekee niliyo nayo, binti yangu," alisema. "Mkate taratibu."

Shangazi Mkasi anatikisa kichwa akikumbuka. "Mtu akikwambia mkate mke wangu taratibu, utafanyaje? Nilikata kama namsuka."

Alikwenda unywele kwa unywele. Alipomaliza, macho yakimuuma, alisahau jambo ambalo anayeanza kazi hufundishwa siku ya kwanza: dirisha. Ndivyo wanavyoiita ile nafasi ya pembetatu kati ya mbavu na mkono ulioshika kiuno, ambapo mandhari ya zamani huchungulia. Nayo hukatwa, kama tundu la pete.

Ukuta wa uani ulikuwa wa buluu iliyopauka, na mbele yake palikuwa na kitu cheupe. Kwenye kioo cha kompyuta, katikati ya anga lile, kilionekana wingu tu kama mawingu mengine.

Kwenye turubai la mita moja na nusu, mambo yalikuwa mengine.

"Njoo uone," mwenye duka aliita. "Tangu lini wingu likawa na vifungo?"

Bei ya turubai hilo ilikuwa sawa na mshahara wake wa wiki nzima. Bado alikuwa amesimama mbele yake kinyozi alipoingia, siku moja kabla ya siku waliyoahidiana.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema. "Nimekosea. Nitairudia kazi yote mimi mwenyewe, kwa gharama yangu."

Kinyozi alivaa miwani, akasogea. Aliutazama uso wa mkewe kwa muda mrefu. Kisha macho yakateremka mpaka kwenye dirisha, yakakaa hapo.

"Hilo ni koti langu."

"Koti gani?" mwenye duka aliuliza.

"La kazi. Lilikuwa na doa la dawa ya nywele. Nilimwambia aliache, doa hilo halitoki. Akalisugua asubuhi nzima, akalianika kwenye kamba, akasimama mbele yake, mkono kiunoni. 'Piga sasa,' akasema, 'upate ushahidi.'" Alivua miwani. "Kamera nilikuwa nashika mimi. Kila mara mimi. Hatuna picha hata moja tukiwa wawili."

"Sasa nilifute?" Shangazi Mkasi alinong'ona.

"Liguse uone!" Mzee alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Miaka miwili nadhani nimeachwa, kumbe mwanamke amenibana kwapani."

Mwenye duka alilikunja turubai kwa mikono yake mwenyewe na kumsindikiza mzee mpaka mlangoni. Aliporudi, alijikohoza.

"Bado ni kosa."

"Ni kosa, bosi."

"Basi siku nyingine usikate wala usiache kabla ya kuuliza."

Tangu siku hiyo mashine hukata picha za vitambulisho, na nyingine zote huja mezani kwake. Kabla hajagusa kipanya, humuuliza mteja kama nyuma kuna kitu ambacho angependa kibaki. Wengi husema hakuna. Wiki iliyopita mama mmoja alifikiri kidogo, akaomba baiskeli ibaki.

Swali hilo alilipeleka mpaka kwao. Baba na mama yake wameishi pamoja miaka arobaini na hawajawahi kupigwa picha wakiwa wawili. Jumapili hii ataazima kamera ya duka aende kuwapiga picha. Simu inaita; ni mama yake.

"Mama, usifagie uani."

"Watu waone beseni langu lilivyopasuka?"

"Waone."

"Na ndoo za baba yako?"

"Ziache papo hapo, mama. Usitoe kitu."

"Haya. Na baba yako mwenyewe, aoge, au naye nimwache hivyohivyo?"

"Aoge," anasema Shangazi Mkasi huku akicheka. "Ila msimame karibu, mama. Karibu kabisa, mtu asiweze kuwatenganisha."