Mkono wa Klachi

Meza yangu ya sabuni na mafuta ya mawese iko upande mmoja wa barabara ya Simi-Simi, na upande wa pili iko parkingi ya wanaume wanaobeba abiria kwa pikipiki. Kwa hiyo mahubiri yao yote nimeyasikia. Padri wetu anahubiri Jumapili tu. Hawa wanahubiri kila siku ya Mungu, na somo lao halibadiliki: klachi.

Wao huiita ambreyaji, na huitaja kwa heshima, kama mtu anayetaja cheo cha mjomba wake. Kwao pikipiki ya kweli ni ile yenye mkono wa klachi upande wa kushoto wa usukani. Unaubana, unakanyaga gia, unauachia polepole huku ukiongeza mafuta, na ukikosea injini inazima na watu wanakucheka. Ile ya otomatiki, ambayo klachi yake inafanya kazi yenyewe ndani ya injini na wewe unakanyaga gia tu na kuvuta mafuta, hiyo wanaiita moto, yaani pikipiki, ya masista, au kiti ya saluni. Mmoja wao alitangaza mchana kweupe kwamba mwanaume akiendesha otomatiki mwaka mzima hatapata mtoto wa kiume. Yeye mwenyewe ana mabinti watupu nyumbani, na klachi yake ipo, inang'aa.

Wanaonyeshana sugu za viganja vya kushoto. Nimewaona kwa macho yangu, wanaume wazima wenye ndevu, wamenyoosha viganja wanalinganisha. Na wana salamu yao. Anayefika hasemi jambo. Anabana klachi huku gia imeshaingia, anapiga resi mara mbili, vruum, vruum, na aliyekaa juu ya pikipiki yake anamjibu vivyo hivyo. Moshi wote unakuja kutua kwenye sabuni zangu.

Haki yao siwanyimi. Kwenye tope la ng'ambo ya mto, Lubunga kule, klachi inakusaidia kulipimia gurudumu nguvu kidogo kidogo, hilo ni kweli. Lakini hawa hawaendi Lubunga! Wanabeba akina mama kutoka sokoni mpaka kanisani, na shimo kubwa wanalolijua ni lile lililo mbele ya parkingi, ambalo wangeweza kulifukia kwa mchana mmoja kama wangeacha kuongea.

Na aliyehubiri kuliko wote alikuwa mume wangu. Ana pikipiki nyekundu ya klachi, anaipangusa kwa kitambaa kizuri kuliko kile ninachofutia vyombo. Niliponunua yangu ya otomatiki, nipate kuchukua madumu ya mawese kwa wauzaji wa jumla katikati ya mji, aliizunguka kama daktari anayezunguka maiti.

"Bon," alisema, "umenunua kiti ya saluni."

Nilijifunza kuiendesha kabla sombe ya majani ya muhogo haijaiva jikoni. Hilo nalo lilimuudhi. Kitu ambacho mwanamke anakijua kabla ya chakula hakiwezi kuwa na maana.

Kisha akavunjika mkono wa kushoto, kwenye kifundo. Hakuvunjikia barabarani. Alipanda kiti cha plastiki abadilishe balbu sebuleni, kiti kikakunja mguu, akaja chini na mkono ukamtangulia. Sasa, mtu aliyejisifia mkono wake wa kushoto miaka yote hawezi kwenda kuwaambia wenzake kwamba kiti cha plastiki kimeuvunja. Wao aliwatumia habari kwamba pikipiki yake inangoja kipuri kutoka Butembo. Pikipiki ilikuwa nyumbani, nzima kabisa, imefunikwa shuka. Nilipomwambia ampe mtu mwingine aiendeshe, walau tupate kitu, aliniangalia kana kwamba nimemwomba ampe mtu huyo mswaki wake.

Fundi wa mifupa alimfunga vijiti. Siku ya kuvitoa alikwenda peke yake, akarudi na mkono umenyooka vizuri, hauna uvimbe wala alama. Kwa macho yangu ulikuwa mkono kama mikono mingine. Lakini hakurudi kazini.

"Papa, mukono iko namna gani?" nilimuuliza.

"Iko napona."

Juma lililofuata, iko napona. Mvua zikakatika, zikarudi, iko napona. Akawa anakaa mlangoni na redio, mkono wa kulia unashika kikombe, wa kushoto uko mfukoni. Mimi nilitoka na giza kwenda kuchukua madumu, nikauza mchana kutwa, nikarudi nikapika. Upande wa pili wa barabara wenzake wakawa wananiuliza, madame, kipuri kimefika? Nami nikajibu bado, kwa sababu niliolewa na uongo wake siku ile ile nilipoolewa naye. Basi nikawa namtunza yeye na uongo wake, wote wawili wanakula.

Siku moja nilimwekea maneno mezani.

"Kama mukono imepona, kamata moto yako, enda kazi. Kama haiyapona, kamata yangu. Yangu haina ambreyaji, mukono ya kushoto inalala tu pale."

"Mimi? Juu ya kiti ya saluni? Batu ba parking batasema nini?"

"Batasema batoto yako balikula."

Akanyanyuka, akaenda kuipangusa pikipiki yake iliyokuwa haijatoka nje.

Nilimtazama mgongo, na hapo nikaogopa. Sikuogopa njaa, maana meza yangu ilitutosha kwa shida. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimeanza kumdharau. Wale wa parkingi nimewadharau miaka mingi na usingizi wangu ni mzuri. Lakini huyu nalala naye kitanda kimoja, na watoto wana pua yake. Nilikuwa naona siku inakuja ambapo ningemtazama nisione tena mume, nione mvivu mmoja aliyekaa mlangoni kwangu, na siku hiyo ikifika sikujua kama ningeweza kuendelea kuwa mke wake.

Halafu ikaja siku ya mvua kubwa. Nilikuwa natoka mjini na madumu mawili nyuma, maji yameingia mpaka ndani ya viatu, na kwenye lango la kwetu pikipiki ikasita kidogo kabla ya kupanda. Yeye yuko mlangoni, mkavu. Hakunyanyuka. Aliinamisha kichwa akasikiliza injini yangu, fundi mkubwa, kisha akanihukumu namna ninavyobadilisha gia:

"Unachelewa kukata vitesse. Otomatiki inaharibu sikio ya mutu."

Nilishusha dumu la kwanza. Nikashusha la pili. Nikafunga kilemba changu upya, kwa sababu nilitaka niseme nikiwa nadhifu.

"Alors, sikia vizuri. Kuanzia kesho nitauza sabuni mpaka saa sita. Kiisha nitavuka barabara, nitaingia mu parking yenu, nitabeba batu. Na hii moto. Mbele ya barafiki yako bote. Na bakiuliza bwana yangu iko wapi, nitabaambia: iko nasikiliza."

Akaongeza sauti ya redio. Redio ndiyo iliyoendelea kuongea.

Asubuhi niliamka nikakuta ufunguo wangu hauko msumarini na pikipiki haiko uani. Nilikwenda kwenye meza yangu kwa miguu, nikapanga sabuni zangu, na sikuweza kuuza vizuri, maana shingo yangu ilikuwa inageuka kila injini ikisikika.

Alikuja jua limeshapanda. Alikuja polepole mno, amenyooka kama anayepeleka mayai, mkono wa kushoto umelazwa juu ya usukani bila kushika kitu. Parkingi nzima iligeuka kumtazama. Akasimama mahali pake pa zamani, karibu na mama anayekaanga mandazi, gia imeingia kama ilivyo desturi yao.

Mkubwa wao, wanayemwita président, alikuwa juu ya pikipiki yake. Akamtazama, akaitazama ile pikipiki, na nadhani alitaka kuwa mwema. Akabana klachi akampigia salamu. Vruum, vruum.

Na mume wangu, kwa akili ile ile ya wanaume wa klachi, akajibu. Alivuta mafuta.

Pikipiki ya otomatiki ikiwa kwenye gia haina salamu. Ukivuta mafuta inaondoka. Iliruka naye kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ikaingia katikati ya meza ya mandazi, meza ikaenda upande wake, pikipiki upande wake, yeye akakaa chini katikati ya beseni la unga uliochachuka. Karai la mafuta lilikuwa upande wa pili, tumshukuru Mungu. Mandazi yakabingirika barabarani mpaka kwenye lile shimo lao.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mmoja alilala kabisa juu ya tangi lake. Yule wa mabinti alikuwa analia machozi, anapiga kelele, "Kiti ya saluni inaruka! Inaruka!" Nilivuka barabara mdomo wangu umejaa. Nilikuwa na la kumwambia kila mmoja wao, kuhusu sugu zao, moshi wao na shimo lao, na nilikuwa nimebakiza la mwisho kwa ajili ya yule aliyekaa kwenye unga.

Président alinitangulia. Alishuka, akamnyanyua, akamkung'uta shati.

"Vieux, muzee," alisema, na hakuwa anacheka, "rudishia madame kitu yake. Utarudia wakati kipuri ya moto yako itafika. Tunakulindia nafasi."

Mume wangu alisimama pale, unga umemganda suruali. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake: angesema ndiyo, kipuri kiko njiani, angerudi nyumbani kukaa na redio. Nilijua atasema hivyo. Ningeweza kuweka rehani meza yangu.

"Moto yangu haina panne, haiyaharibika," alisema. "Mukono njo iko na panne. Muangalie."

Akauinua mkono wa kushoto mbele ya uso wake, wote wauone, akajaribu kuufunga. Vidole vilijikunja kidogo, kiasi cha kushika kopo kubwa la maziwa, vikaishia hapo. Aliendelea kujaribu. Mishipa ya shingo ilimtoka, na vidole havikusogea tena.

"Haifunge," alisema. "Fundi ya mifupa aliniambia tangu siku alitosha miti ku mukono. Haitafunga tena. Ambreyaji, mimi, imekwisha."

Aliyekuwa amelala juu ya tangi akainuka. Président alizima injini yake, na wengine wakazima zao, na kwa mara ya kwanza tangu niweke meza pale niliisikia ile barabara bila wao. Hakuna aliyeangalia mwenzake. Nadhani kila mmoja alikuwa anaangalia kiganja chake.

Mama mmoja wa Wagenia, wale wavuvi wa mto, beseni la samaki kichwani, alikuwa amefika zamani na alikuwa amechoka kungoja.

"Bon, ni nani anaenda soko? Samaki haingojeake maneno ya banaume!"

Mume wangu aliiokota pikipiki yangu kutoka kwenye mandazi. Akaipiga teke la kuwasha, akakaa.

"Panda, mama. Inaruka kidogo. Ushike mimi nguvu."

Yule mama akampa président beseni, akapanda, akapokea beseni lake, wakaondoka. Gia ya kwanza, ya pili, taratibu, bila kuruka. Président alimsaidia mama wa mandazi kusimamisha meza. Mimi nilibaki katikati ya barabara na mandazi matatu ya vumbi mkononi, sijui hata niliyaokota saa ngapi. Maneno yangu yote yalikuwa bado mdomoni, na hasira yangu ilikuwa imegeuka. Sikuwa tena na hasira ya uvivu wake. Miezi yote hiyo niliuliza mimi, niliyelala pembeni ya mkono huo. Na waliokuja kuambiwa ni hawa.

Jioni alirudi, akaegesha pikipiki uani, akaning'iniza ufunguo msumarini. Nilimpa chakula, akala. Watoto walipotoka nje nikavuta kiti changu karibu na chake.

"Nionyeshe."

Alisita. Kisha akautoa mfukoni akauweka mezani, kati ya sahani. Niliuchukua nikajaribu kuufunga mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kwa upole kwanza, halafu kwa nguvu. Vilikuja mpaka pale pale vilipoishia mchana, vikagoma.

"Ulijua tangu siku ya miti," nilisema.

"Nilijua."

"Na mimi uliniambia iko napona."

Alikuwa anaangalia mlangoni, mahali anapokaa.

"Batu ba parking bananicheka, ni siku moja tu, kesho bamesahau," alisema. "Weye haucheke. Weye unaangaliaka mutu vile unaangaliaka bale, ngambo ya barabara. Nilisema, siku utaniangalia vile, mimi nitaishi wapi?"

Nje watoto walikuwa wanagombania kukaa juu ya pikipiki yangu. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu, na aliyebana nilikuwa mimi.