Tajiri Aliyerudi Mlangoni

Rafiki ninayeishi naye chumba kimoja hapa ughaibuni, mtaani Fereej Bin Mahmoud, ni bawabu wa jengo moja kule Lusail. Siku za Ijumaa, tunapopumzika, ni mwigizaji. Filamu zetu ni fupi na hazina maneno, maana watazamaji ni Wanepali, Wafilipino, Wahindi na sisi Wakenya, na hakuna lugha moja inayotutosha sote. Muuguzi mmoja kutoka nyumbani ndiye huzitunga na kuzipiga kwa simu yake. Mimi hushika taa.

Kufikia mwaka jana rafiki yangu alikuwa ameigiza mara nne: bawabu, bawabu, maiti chini ya shuka, bawabu. Uso wake mrefu, wenye nyusi zinazopanda moja moja, uliwachekesha watu waliotazama filamu hizo kwenye simu, ndani ya mabasi ya kazini. Lakini yeye alitaka jambo moja tu, binti yake kule Kakamega amwone bila sare.

Mwishowe muuguzi akampa nafasi ya tajiri. Suti tuliazima kwa mhudumu wa hoteli. Alitakiwa ashuke kwenye teksi, kisha jirani yetu Mnepali, aliyevaa kofia ya bawabu, amfungulie mlango wa jengo letu, naye aingie kwenye lifti bila kumtazama.

Alishuka vizuri, kidevu juu. Alipofika mlangoni, mkono wake ukamtangulia. Akaushika mlango, akasimama kando, akampisha bawabu.

"Kata! Mzee wangu, leo wewe si soja, wewe ni mdosi! Mdosi hafungulii watu mlango," muuguzi akasema.

"Samahani, sista. Ni huu mkono."

"Basi utie mfukoni."

Mara ya pili mkono ukatoka mfukoni. Mara ya tatu akapiga saluti kabisa. Mnepali akacheka mpaka kofia ikaanguka. Muuguzi, ambaye zamu yake ilikuwa inakaribia, akanigeukia. "Hiyo suti naona itakutosha wewe."

Rafiki yangu alisikia. Akaomba mara moja ya mwisho.

Safari hii aliuacha mlango ufunguliwe. Akapita. Kisha akasimama, akarudi hatua mbili, akamtazama bawabu usoni, nyusi moja ikapanda, akampa mkono. Hatukuwa tumepanga hivyo. Mnepali akanyoosha mgongo. Muuguzi hakukata mpaka tajiri wetu alipoingia kwenye lifti na mlango wake ukajifunga.

"Hiyo inabaki," akasema.

Filamu tulimtumia binti yake. Jumapili, kabla ya kuvaa sare, rafiki yangu alisikiliza jibu la binti mara tatu: "Baba, huyo tajiri nimempenda. Hiyo suti usirudishe!"

Tulikuwa tumesharudisha, ila mwenyewe, yule mhudumu wa hoteli, amesema tukiihitaji tena ipo.